Bata wa Siku Isiyo na Upepo

Kila asubuhi kambini, kabla hata ya kunawa uso, Delia alitoka nje ya hema, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu. Upande wa kidole unaopata baridi kwanza, huko ndiko upepo unakotoka. Kisha alirudi ndani kumpa babu yake habari. Babu Elmer, akiwa bado anafunga kamba za viatu, aliitikia kwa kichwa kana kwamba hakujua. Alijua. Alikuwa ameshausikia upepo kwenye turubai kabla hajafumbua macho. Lakini hakumwambia mjukuu wake hivyo hata siku moja.

"Kaskazini, Babu," Delia alisema siku ya kwanza.

Siku ya pili ilikuwa kaskazini tena, na siku ya tatu vilevile. Upepo huo uliwazuia bata bukini huko kusini, na anga juu ya ghuba ilikuwa tupu.

Siku ya nne Delia aliinua kidole, akangoja. Akakigeuza. Akakilowesha tena.

"Hakuna, Babu."

"Hakuna nini?"

"Hakuna upepo. Kabisa."

Binamu yake Rodi, aliyemzidi mwaka mmoja, alicheka akiwa bado chini ya blanketi. "Labda kidole chako kimekufa. Kipeleke zahanati."

"Kimekufa kichwa chako!"

"Nyie!" mama yake Delia aliwakemea. Jina lake Edna, na alikuwa amepiga magoti akifagia majivu ya jiko kwa bawa la bata la mwaka jana. "Chai haijachemka mmeshaanza. Rodi, amka ukalete matawi mabichi. Matawi haya ya sakafuni yamenyauka, tunalala kama juu ya miiba."

Basi wakawasikia. Kwanza ilikuwa kama mbwa wengi wanaobweka mbali sana. Wote wanne wakatoka nje, Rodi akiwa na soksi moja. Kutoka kusini, juu ya barafu ya pwani, walikuja bata bukini, mstari nyuma ya mstari, wenye shingo nyeusi na shavu jeupe, wakiitana. Walishuka polepole, miguu mbele, wakatua kwenye bwawa lililo nyuma ya kilima. Watu wa ghuba hiyo waliliita Bwawa la Kulala. Bata walipumzika hapo kabla ya kuendelea kaskazini kutaga mayai, na hakuna hata mmoja wa Wakrii, wenyeji wa pwani ile, aliyewahi kufyatua bunduki karibu nalo.

Babu Elmer alivua kofia. Kila mwaka aliwavulia bata wa kwanza kofia.

"Leo hakuna atakayepiga," alisema.

Hakuna aliyebisha, kwa sababu Babu ndiye aliyekuwa mkuu wa mawindo wa ghuba hiyo, kama baba yake kabla yake. Yeye ndiye aliyesema wakae maficho gani, kwa upepo gani, na lini bunduki zibaki zimelala.

Rodi tu alinung'unika. "Lakini Babu, wako pale! Naweza kuwapiga hata kwa kiatu."

"Kwa kiatu kipi? Huna hata soksi ya pili," Babu alimjibu, na wote wakacheka. Halafu akaacha kucheka. "Unadhani hawa ni wale bata weupe wa kwenye kitabu chenu cha shule? Wale wa kufugwa, wanaomfuata mama mwenye ndoo? Wale wamesahau safari. Hawa wanakumbuka. Upepo ukivuma, mlio wa bunduki unapeperushwa, anausikia aliye karibu tu. Siku kama ya leo, mlio mmoja unafika mpaka upande wa pili wa ghuba. Kila bata anausikia, na anajua umetokea wapi. Mwakani atawapitisha watoto wake mbali."

"Na mwaka unaofuata pia," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Mjomba Sinclair, mdogo wake Edna, amebeba kuni kifuani. Aliziweka chini taratibu.

Delia alitazama pembeni. Kila mtu alijua. Zamani, Delia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, Sinclair alikuwa mlevi, na siku moja isiyo na upepo alipiga bata ghubani. Kwa miaka miwili bata hawakutua. Hadi leo watu wa kijijini, wakitaka kusema mwaka wa njaa, walisema "majira ya Sinclair". Pombe aliiacha, jina halikumwacha. Kwa miaka yote hiyo alikata kuni za wenzake na kutega nyavu za samaki chini ya barafu, bila bunduki. Mwaka huu ndipo Babu alipomruhusu kuibeba tena.

Delia alimpenda mjomba wake, ingawa hakuwahi kumwambia. Siku ya pili kambini viatu vyake vilikuwa vimelowa, akaviacha hivyohivyo, akalala. Asubuhi alivikuta vimekauka karibu na jiko, vimejazwa nyasi kavu ndani. Hakuna mtu aliyesema ni nani aliyevijaza, lakini mikono ya Sinclair ilikuwa na vipande vya nyasi.

Upepo haukuja siku ya tano, wala ya sita. Jua liliwaka, barafu ililia na kupasuka, na bata walijaa bwawani kiasi kwamba sauti yao ilisikika hemani kama soko. Nao watu walikula samaki na mkate wa kikaangoni, wakanywa chai, wakangoja.

Kila jioni kabla ya chakula, Edna aliwasha redio ya upepo, iliyounganisha kambi zote za pwani, na kuzungumza na kijijini. Jioni ya siku ya sita, Bibi Luisa mwenyewe alikuja hewani kutoka zahanati. Alikuwa mke wa Babu Elmer. Figo zake zilikuwa zimechoka, na hayo yalikuwa majira yake ya kwanza kukosa kambi tangu azaliwe.

"Mmeshakula bata?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kama inatoka ndani ya kopo.

"Bado, mama," Edna alijibu. "Hakuna upepo."

"Haya. Mimi nipo. Nawangoja."

Delia alisogea nje. Siku waliyoondoka kijijini, Bibi alimshika mkono akamwambia, "Usiniletee maua. Niletee bata. Hata shingo tu." Naye Delia akasema, "Nakuahidi, Bibi." Halafu mlangoni akamsikia muuguzi akimnong'oneza Edna kwamba asitegemee sana mama yake kuwaona bata wa vuli, wakirudi kutoka kaskazini.

Likizo ya bata, shule inapofungwa watoto waende kuwinda, ilikuwa inaisha. Jumapili wangerudi kijijini, Jumatatu shule ingefunguliwa. Siku ya saba ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi hiyo Delia aliinua kidole na kukishusha. Babu hakuuliza hata. Baada ya chai alimchukua Rodi, wakapanda pikipiki ya theluji kwenda kukagua barafu ya mto watakaouvuka Jumapili. Sinclair alichukua bunduki yake mgongoni na shoka mkononi, akaenda kwenye nyavu upande wa pili wa rasi. Edna aliwasha msumeno wa injini nyuma ya misonobari, akaanza kukata kuni, na kelele zikafunika kila kitu.

Bunduki ndogo ya Edna ilikuwa imening'inia hemani. Delia alijua kuitumia, Babu alikuwa amemfundisha mwenyewe. Aliitazama. Alimfikiria Bibi akiwa kitandani, akingoja.

"Mmoja tu," alijiambia. "Mlio mmoja. Na msumeno unanguruma."

Alipanda kilima kwa tumbo, kama alivyofundishwa. Bata walikuwa wengi hata maji hayakuonekana. Karibu naye kabisa walikuwepo wawili, dume na jike, wakichana manyoya. Mmoja alipoinamisha shingo, mwenzake aliinua yake kulinda. Kisha walibadilishana zamu. Delia alifyatua.

Mlio ulienda. Aliusikia ukigonga rasi, ukagonga visiwa, ukarudi, ukaenda tena. Halafu bwawa zima likainuka. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Jua lilizimika kwa mabawa. Walizunguka mara moja, wakapanga mistari yao, wakaelekea kaskazini, mstari nyuma ya mstari, mpaka anga ikawa tupu kama siku ya kwanza.

Ukabaki ukimya, na bata mmoja amelala ukingoni. Na juu yake, mwenzake. Yule hakwenda na wengine. Alizunguka chini chini, akiita.

"Nenda!" Delia alimwambia. "Nenda bwana, watakuacha!"

Hakwenda.

Delia alimbeba bata wake, akamficha kwenye theluji chini ya matawi nyuma ya hema, akarudisha bunduki mahali pake. Edna alipozima msumeno, akamkuta mwanawe anaosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Mbona kumekuwa kimya hivi?" Edna aliuliza, akitazama juu.

Babu alirudi kabla ya adhuhuri. Pikipiki ilikuwa bado haijasimama vizuri, yeye ameshashuka. Mlio ulimfikia huko mtoni, mbali vile. Sinclair naye alikuja akikimbia kutoka rasini, bunduki mgongoni. Juu ya vichwa vyao yule bata mmoja alikuwa bado anazunguka.

Babu alimwangalia kwa muda mrefu. "Amefiwa na mwenzake," alisema. Kisha akageuka. Hakumtazama Rodi aliyekuwa naye, wala Edna, wala Delia. Alimtazama Sinclair.

"Ni wewe?"

"Si mimi, baba."

"Ulikuwa peke yako. Una bunduki."

"Nilikuwa kwenye nyavu. Si mimi."

"Mjomba naye!" Rodi alisema, machozi ya hasira yakimlenga. "Likizo nzima tumekula samaki! Mwaka huu tena majira ya Sinclair!"

"Rodi, funga mdomo," Edna alisema, lakini hakumtetea ndugu yake.

Sinclair aliwatazama mmoja mmoja, akafika kwa Delia. Macho yake yakasimama begani kwake. Akamsogelea polepole, kama anayetaka kumpita aingie hemani, na alipokuwa karibu akanyoosha vidole viwili, akaokota unyoya mdogo wa kijivu kwenye bega la koti la Delia. Akauweka mfukoni. Hakuna mwingine aliyeona, maana mgongo wake mpana ulikuwa umemfunika.

Sasa atasema, Delia aliwaza. Sasa hivi.

"Baba," Sinclair alisema, "ukitaka niondoke, nitaondoka."

"Ondoka," Babu alijibu.

Akaondoka kwa miguu, kufuata pwani, mkoba mmoja mgongoni. Bunduki aliiacha imeegemezwa kwenye mti. Delia alikuwa na muda wote wa kumwita. Alimwona akiwa mkubwa, akawa mdogo, akawa nukta nyeusi kwenye barafu. Hakumwita.

Jumamosi asubuhi Rodi alienda kuchota theluji safi ya chai, akapiga kelele. "Huyu hapa! Alimficha hapa, tazameni!"

Walimzunguka yule bata. Edna alimgeukia mwanawe. "Jana ulikuwa hapa kambini. Ulimwona mjomba wako akija huku nyuma?"

Lilikuwa jambo la neno moja tu.

"Ndiyo," alisema Delia.

Babu alimwinua bata kwa miguu yote miwili, kwa upole, akamfuta theluji machoni. "Bata aliyekufa hatupwi," alisema. "Hilo lingekuwa kosa la pili. Mchome, Edna, mkampelekee mama yake Sinclair. Aonje kazi ya mwanawe."

Edna alimnyonyoa, akamfunga kwa uzi, akamning'iniza mbele ya moto azunguke, mafuta yakidondoka kwenye sufuria ya supu chini yake. Harufu ile Delia aliingoja mwaka mzima, na sasa aliziba pua. Nje, yule mwingine alikuja tena juu ya moshi, akaita. Babu alitoka, akavua kofia, akasimama hivyo mpaka bata alipokwenda zake.

Jumapili mchana walifika zahanati. Babu alikataa kuingia, kwa sababu waliambiwa mlangoni kwamba Sinclair yuko ndani. Akakaa kwenye benchi la barazani pamoja na Rodi.

Sinclair alikuwa ameketi kitandani, miguu ya mama yake mapajani mwake, akiipaka mafuta. Alipowaona alitaka kuinuka.

"Kaa hapo hapo," Bibi Luisa alimwambia. "Mguu wa kushoto hujamaliza." Alikuwa amepungua sana, lakini macho yake yalikuwa yaleyale. "Na huyu ni nani, aliyerefuka kwa wiki moja tu? Njoo, mwanangu. Nimenusa kitu."

Muuguzi alichungulia sufuria aliyoibeba Edna, akatazama huku na huku. "Vijiko viwili tu vya supu, Bibi. Na mimi sijaona," alisema, akafunga mlango.

Edna alimimina supu kwenye bakuli, akakata kipande kidogo cha kifua. Delia alilishika bakuli kwa mikono miwili, akampelekea bibi yake. Bibi hakulipokea mara moja. Aliuliza kwanza, kama alivyomwuliza kila mwindaji aliyewahi kumletea bata tangu awe mke wa watu, badala ya kusema asante.

"Upepo gani ulimleta?"

Delia alifungua kinywa. Angeweza kusema kusini. Angeweza kusema magharibi. Mvuke wa supu ulimpanda usoni.

"Upepo gani, mwanangu?"

"Hakukuwa na upepo, mama," Sinclair alisema bila kuinua kichwa, bado akisugua mguu. "Ni kosa langu. Usimwulize mtoto."

"Si yeye!" Delia alipiga kelele, supu ikammwagikia vidole. "Si yeye, Bibi! Ni mimi. Nilikwenda Bwawa la Kulala. Nilichukua bunduki ya mama. Walikuwa wawili, nikampiga mmoja, na mwingine hataki kuondoka. Mjomba aliona unyoya akauficha, na mimi... mama aliniuliza, nikasema nilimwona. Sikumwona. Nilidanganya."

Edna alikaa chini kwenye kiti kama mtu aliyesukumwa. "Delia," alisema tu. "Ndugu yangu amefukuzwa mbele ya macho yangu."

Bibi Luisa alilichukua bakuli mikononi mwa Delia, akaliweka kando, akamfuta vidole kwa ncha ya shuka.

"Umeungua?"

"Hapana."

"Sinclair, na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama. Mimi jina hilo nimelizoea. Yeye bado mdogo, angelibeba maisha yake yote."

"Ulikuwa na huruma," Bibi alisema, "lakini ulikosea. Ulimfundisha kwamba akikosea, mtu mwingine ataumia na yeye atakula." Akamgeukia Delia. "Ulifanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Nilikuahidi."

"Ndiyo. Sikiliza basi. Nyama ya bata hata majirani wangeniletea. Mimi nilitaka habari zake. Nilitaka uniambie ulikaa maficho gani, upepo ulitoka wapi, babu yako alisema nini, Rodi alianguka wapi. Nikisikia hayo nami ninakuwa kambini. Sasa habari ulizoniletea ndizo hizi."

Delia alilia. Bibi hakumkataza.

"Bata watasamehe, au hawatasamehe, hiyo ni shauri yao," aliendelea. "Ulipofyatua, uliwanyang'anya watu wa ghuba nzima chakula, lakini ulikuwa na haraka na ulikuwa unanipenda. Hilo naweza kulielewa. Uliponyamaza wakati mjomba wako anatembea peke yake kwenye barafu inayopasuka, hapo sikuelewi. Kosa la kwanza lilichukua muda wa kuvuta kidole. La pili ulilifanya siku mbili nzima, kila saa ukichagua upya. Babu yako yuko barazani. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Hapa hapendi kuingia, lakini wewe utamwingiza."

Kisha akalichukua bakuli, akanywa vijiko vyake viwili, polepole, akifumba macho. Delia aliuliza kwa sauti ya kunong'ona kama ni tamu.

"Ni bata," Bibi alijibu. "Haikuwa haki yake kufa hivi, basi angalau aliwe vizuri."

Barazani, Delia alisimama mbele ya benchi na kusema yote, bila kuruka hata lile neno moja. Babu alisikiliza hadi mwisho. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alivua kofia tu, akampita Delia mlangoni, akaingia.

Mlango ulibaki wazi, na Delia akamsikia.

"Nilikuuliza, ukanijibu," Babu alimwambia mwanawe. "Sikukusikia. Nilisikia yale ya zamani."

"Basi, baba. Yameisha."

"Hayajaisha. Nilikuacha utembee kwenye barafu ile. Bunduki yako nimekuja nayo. Iko kwenye pikipiki. Nimeifuta."

Jioni ile, kwenye redio ya upepo, mbele ya kambi zote za pwani, Delia alisema kwamba aliyewafukuza bata wa ghuba ni yeye, wala si Sinclair. Halafu mama mmoja wa kambi ya kusini, ambaye hakuwahi hata kumwona, akasema, "Tumekusikia, binti. Imekuwa vigumu kusema, eh? Tutamtuma mtu alete bata wawili kwa bibi yako. Huku upepo upo."

Babu alimkataza Delia kushika bunduki mpaka majira ya bata yazunguke. Bata hawakurudi ghubani mwaka huo. Vuli waliporudi kutoka kaskazini na watoto wao, walipita juu sana, bila kushuka. Bibi Luisa hakuwaona. Walimzika mwezi wa nane, na bawa la bata kifuani. Rodi alitaka kusema "majira ya Delia" siku moja mezani, Sinclair akamkata jicho, na neno hilo halikusemwa tena, ingawa Delia mwenyewe alilisikia kila alipotazama anga tupu.

Mwaka uliofuata, siku ya tano kambini, kidole cha Delia kilipata baridi upande wa kusini hata kikauma. Turubai lilipiga kelele kama bendera. Sinclair, ambaye Babu alikuwa amempa ukuu wa mawindo, alimkalisha kwenye maficho karibu naye, nyuma ya bata wa mbao waliowekwa kuwavuta walio hai. Walingoja toka alfajiri. Likaja kundi dogo tu, bata wanane, wakipigana na upepo, chini kabisa.

"Sasa," Sinclair alinong'ona.

Hemani, Delia alimweka bata mbele ya babu yake. Mahali alipozoea kukaa Bibi, karibu na jiko, palikuwa na matawi mabichi ambayo hakuna mtu aliyeyakalia. Babu alimpapasa bata shingo, akatazama pale mahali patupu, akakohoa.

"Walikuwa maelfu," alisema, "na mwaka huu ni wanane. Huenda wakawa ishirini mwakani, huenda wasiwe. Tulichovunja kwa mlio mmoja tutakirudisha kwa miaka, na wengine hatutakuwepo kuona. Lakini wewe ulisema ukweli, hata kwenye redio watu wote wakisikia, na ndiyo maana mjomba wako amekaa hapa leo na sote tunakula naye. Hilo lilirudi upesi. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje kuulizwa."

"Ndiyo, Babu."

Halafu mzee akauliza kwa sauti ambayo haikuwa yake hasa.

"Upepo gani ulimleta?"

"Kusini, Babu," Delia alisema. "Wenye nguvu."

"Haya. Simulia."

Delia akasogea, akakaa karibu na yale matawi mabichi, akaanza tangu mwanzo kabisa, tangu alipotoka nje ya hema na kulowesha kidole.